Wito wa harufu: kwa nini dumuzi dume huita leo na kunyamaza kesho

Dumuzi dume, yule mbawakawa mtoboa mahindi, akitua juu ya hindi haiti papo hapo. Kwanza hutoboa, hula, hujichimbia ndani ya punje mpaka vumbi la unga analolisaga linamwagika nyuma yake. Baada ya hapo ndipo mwili wake huanza kutoa mvuke wa kemikali mbili, ambazo watafiti wamezipa majina mafupi ya T1 na T2. Mvuke huo ukiwafikia dumuzi wengine, wa kike kwa wa kiume, huwavuta waje. Sasa mletee dume huyo jike mmoja: katika muda wa siku moja hivi utoaji wake wa harufu unaporomoka. Mwondoe jike, dume anaanza kuita tena. Mnyime chakula, wito unafifia hadi karibu kutoweka.

Kemikali za aina hii, zinazotoka kwa kiumbe mmoja na kubadili mwenendo wa wenzake wa spishi ileile, huitwa feromoni, jina lililotungwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher. Tangu hapo feromoni za wadudu wengi wa nafaka zimetambuliwa, na baadhi hutengenezwa viwandani na kuuzwa kama vivutio vya mitego. Mafanikio hayo yamezaa mazoea mabaya ya fikra. Tumezoea kuizungumzia feromoni kana kwamba ni sifa ya kudumu ya mdudu, sawa na rangi ya mgongo wake au idadi ya miguu. Muundo wa kemikali kweli haubadiliki. Lakini ni nani anaita, anaita kwa nguvu gani na saa ngapi, wito unafika wapi, na anayeupata anauitikia au anaupuuza, hayo yote huamuliwa na chakula, msongamano, joto, unyevu na hewa ya mahali alipo. Kwangu mimi hilo ndilo la kuelewa kwanza. Majina marefu ya kikemia yanaweza kusubiri.

Wanaokula na wasiokula

Mtafiti wa Marekani Wendell Burkholder, aliyefanya kazi yake Wisconsin, alisaidia kuonyesha kuwa wadudu hawa wanagawanyika makundi mawili. Wapo mbawakawa ambao wakishakomaa huishi miezi mingi na hawawezi kuzaa vizuri bila kula: dumuzi (Prostephanus truncatus), fukusi wa mahindi na fukusi wa mpunga, mbawakawa mwekundu wa unga, na yule mtoboa nafaka mdogo aitwaye Rhyzopertha dominica. Katika kundi hili dume ndiye anayeita, na wito wake huvuta jinsia zote mbili. Wapo wengine ambao maisha yao ya ukubwani ni ya siku au wiki chache tu, hawana haja ya kula, na kilichobaki kwao ni kujamiiana na kutaga. Humo wamo mbawakawa wa khapra, Trogoderma granarium, na wale wanaotoboa kunde na jamii yake. Kwao jike ndiye huita, na wanaokuja ni madume.

Ukitazama vizuri, mgawanyo huu wenyewe umetokana na mazingira. Kwa mdudu anayeishi muda mrefu na kula, mahali penye chakula ni mali. Dume aliyekipata ana kitu cha kutangaza, na jike anayefuata harufu yake anapata mwenza na mahali pa kutagia kwa safari moja. Kwa mdudu wa siku chache, chakula alishakila akiwa buu. Kinachomsumbua ni muda. Ndiyo sababu wito wa jike wa jenasi ya Trogoderma hufuata saa ya mwili inayoendeshwa na mwanga na giza. Saa yake ikifika, huinua sehemu ya nyuma ya tumbo na kuachia feromoni, kisha hutulia hadi mzunguko unaofuata. Spishi za jenasi hiyo hutumia molekuli zinazofanana mno, ila hutofautiana katika umbo. Feromoni ya khapra ni mchanganyiko wa maumbo mawili ya aldehaidi moja, takriban sehemu 92 kwa 8, ilhali ndugu yake Trogoderma glabrum hutegemea umbo la pili.

Kwa hiyo swali la mazingira yapi yana uzito halina jibu moja. Ukimzungumzia khapra mkubwa, anza na mwanga. Ukimzungumzia dumuzi au fukusi, anza na tumbo lake. Kuanzia hapa nitakaa zaidi na hawa wanaokula, kwa kuwa ndio wito wao unapanda na kushuka kwa sababu nyingi zaidi.

Mwenye njaa haiti

Mbawakawa mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, amechunguzwa sana kuliko wenzake kwa kuwa anafugika kwa urahisi maabara. Jenomu yake yote, yaani maagizo yake yote ya urithi, ilichapishwa mwaka 2008. Feromoni yake, 4,8-dimethildekanali, ilitambuliwa na Takahisa Suzuki wa Japani mwaka 1980. Dume huitoa kwenye tezi zilizo katika mapaja ya miguu ya mbele. Baadaye ilithibitishwa kuwa mwili huijenga kwa njia ileile inayotumika kujenga mafuta, kwa kuunganisha vipande vidogo vya asetati na propionati kimoja baada ya kingine. Kwa maneno mengine, malighafi ya wito na malighafi ya akiba ya mwili ni zilezile.

Jambo hili dogo la kibiokemia linaeleza mengi. Dume mwenye njaa hana cha kutapanya. Dume aliyelishwa chakula bora hutoa feromoni nyingi kuliko aliyelishwa chakula hafifu. Fukusi nao wana feromoni yao, sitofiluri, inayotumiwa na fukusi wa mahindi na wa mpunga kwa pamoja, na madume huitoa kwa wingi wakiwa juu ya nafaka wanayoila. Wale mbawakawa bapa wa jenasi Cryptolestes na Oryzaephilus, ambao feromoni zao ni za jamii nyingine kabisa ya kemikali, nao wanafuata kanuni hiyohiyo: bila kula, wito ni mdogo.

Ila malighafi si maelezo pekee. Kwa mbawakawa wanaotoboa magome ya miti, ambao wamechunguzwa kwa kina kuhusu jambo hili, kula huamsha homoni ya ujana, ile inayosimamia ukuaji wa wadudu, na homoni hiyo ndiyo huwasha vimeng'enya vinavyotengeneza feromoni. Mdudu basi hangoji akiba ijae. Mwili wake umewekewa swichi, na chakula ndicho kidole kinachoibonyeza.

Matokeo yake ni kwamba wito unabeba habari ya kuaminika. Anayeunusa hajulishwi tu kuwa kuna dume mahali fulani, bali kuwa kuna dume anayekula. Kwa dumuzi, hilo ni muhimu pengine kuliko kwa mwingine yeyote, maana harufu ya mahindi peke yake haimvuti sana kutoka mbali. Dume wa kwanza hufika kwa kubahatisha, wengine wote hufika kwa kumfuata yeye.

Na kwa nini anyamaze jike akifika? Maelezo yanayonishawishi ni haya: dume haiti ili kundi likusanyike. Anaita jike, na madume wengine wanaokuja ni wasikilizaji wasioalikwa, wanaotumia wito wa mwenzao kupata chakula na wachumba bila kugharimia harufu. Mwenzi akishapatikana, kila tone la ziada la feromoni ni kualika washindani. Vitabu vingi bado huiita feromoni ya mkusanyiko, na kweli mkusanyiko hutokea, lakini kutokea kwake hakuthibitishi kuwa ndio lengo.

Pakijaa, ujumbe unageuka

Msongamano ndio sehemu ninayoiona tajiri kuliko zote, na mwalimu hapa ni mbawakawa wa unga. Dume aliye peke yake hutoa feromoni nyingi kuliko dume mmoja mmoja katika kundi lililobanana. Hilo ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni kemikali nyingine kabisa, kwinoni, zinazotoka kwenye tezi za kujihami zilizo kwenye kifua na mwishoni mwa tumbo. Kwa mdudu mmoja mmoja, kwinoni ni silaha: zinawakera maadui na kuzuia ukungu na bakteria kwenye unga unaomzunguka. Lakini wadudu wakizidi, kwinoni hulimbikizana. Unga hugeuka rangi na kuwa wa pinki hivi, hutoa harufu kali isiyosahaulika, na wadudu wenyewe huanza kuukimbia.

Tazama kilichotokea. Mahali palepale palipokuwa pakitangazwa kuwa pazuri panaanza kutangazwa kuwa pamechakaa, na hakuna mdudu hata mmoja aliyeamua hivyo. Feromoni imepungua kwa kuwa kila dume amebanwa, kwinoni zimeongezeka kwa kuwa watoaji ni wengi, na uwiano kati ya hizo mbili ndio anaounusa mgeni anayekaribia. Msongamano una madhara mengine pia: mbawakawa hawa hula mayai yao wenyewe, na kadiri unga unavyojaa ndivyo mayai mengi zaidi yanavyoliwa. Kuondoka, basi, si uoga. Ni hesabu nzuri ya uzazi.

Kwa spishi nyingine, msongamano hubadili hata mwili. Mbawakawa wa kunde, Callosobruchus maculatus, akikulia ndani ya mbegu zilizosongamana na zenye joto, huweza kukomaa akiwa na umbo jingine: anaruka vizuri zaidi, ana akiba kubwa ya mafuta, na hachangamkii kutaga mara moja kama mwenzake wa kawaida. Mabuu ya khapra nayo, yakibanwa au hali ikiharibika, huweza kusitisha ukuaji na kujificha kwenye nyufa kwa miaka. Katika hali hizi mdudu anayeipokea feromoni si yuleyule wa jana, ingawa spishi ni moja. Anayeitwa huwa amebadilishwa na mazingira sawasawa na anayeita, na hilo husahaulika mara nyingi.

Njia ya harufu kati ya punje

Tuseme dume ameshiba, yuko peke yake, anaita kwa nguvu zote. Bado harufu lazima isafiri, na rundo la nafaka ni njia mbaya sana ya kusafiria.

Nafasi zilizo kati ya punje huchukua kiasi cha asilimia 35 hadi 45 ya ujazo wa rundo, kwa hiyo hewa ipo ya kutosha. Tatizo ni kwamba imetulia. Bila mkondo wa hewa, molekuli zenye uzito wa feromoni hizi husonga kwa kutapakaa zenyewe tu, na mwendo huo ni wa konokono: kufika umbali wa mita moja katika hewa tulivu kabisa huchukua siku nzima na ushei. Ndani ya nafaka muda huo hurefuka zaidi, kwanza kwa sababu njia ina kona nyingi, pili kwa sababu nyuso za punje zina nta na mafuta yanayoinasa harufu, kama nguo iliyoning'inizwa jikoni inavyobaki na moshi. Baadaye punje huiachia taratibu. Hivyo mahali alipokaa dume panaweza kuendelea kunukia baada ya yeye kuhama, na mahali alipo sasa pakawa bado hapajanukia.

Joto huingia hapa kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa fizikia: kwa kemikali kama hizi, joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, kasi ya kugeuka mvuke huongezeka mara mbili au zaidi. Mlango wa pili ni wa mdudu mwenyewe. Wadudu wengi wa nafaka hustawi kati ya nyuzi 25 na 33 hivi, hupooza joto likishuka chini ya 15, na hufa likipanda sana kupita 40. Dumuzi huruka zaidi joto likiwa kati ya 25 na 30, hasa jua linapozama. Kwa hiyo usiku wa baridi unapunguza vitu vitatu kwa wakati mmoja: anayeita anakula kidogo, mvuke unapanda kidogo, na anayeitwa hana nguvu ya kuja. Lakini joto nalo lina gharama. Feromoni za aina ya aldehaidi huharibiwa na oksijeni, na uharibifu huo huenda kasi zaidi palipo na joto, hivyo wito wa mchana wa joto ni mkali lakini haudumu.

Kuna mzunguko mwingine unaofurahisha kuufuata. Wadudu wakikusanyika mahali pamoja ndani ya rundo, kupumua kwao huzalisha joto na maji. Sehemu hiyo hupata joto kuliko nafaka inayoizunguka, hewa yake huwa nyepesi na kuanza kupanda, na hewa baridi huvutwa kujaza nafasi. Mkondo huo mdogo hubeba harufu mbali kuliko ambavyo ingefika kwa kutapakaa peke yake. Kundi linatengeneza mazingira, na mazingira hayo yanausafirisha wito wa kundi.

Unyevu ni mgumu zaidi kuueleza kwa sababu unafanya kazi kinyume na wenyewe. Molekuli za maji hugombea nafasi na molekuli za harufu juu ya nyuso za punje, na maji yakishinda, harufu nyingi zaidi hubaki hewani. Hapo ungedhani nafaka yenye unyevu ni nzuri kwa mawasiliano. Ila nafaka ikishapita unyevu wa asilimia 13 au 14, ukungu huanza kustawi, na ukungu una harufu zake. Baadhi ya harufu hizo huwavutia wadudu wa nafaka, hasa wale wanaokula ukungu wenyewe, na nyingine huwafukuza. Wito wa dume hausikiki tena peke yake. Uko katikati ya kelele.

Wanaosikiliza bila kualikwa

Harufu ikishatoka, mwenyewe hana uwezo wa kuchagua nani aipate. Dumuzi asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na baada ya kuingia Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970 alisambaa haraka kwa kuwa adui zake walibaki nyuma. Mmoja wa adui hao ni mbawakawa mdogo mweusi, Teretrius nigrescens, anayekula mayai na mabuu ya dumuzi. Humpataje? Kwa kufuata feromoni ya dumuzi dume. Kwa sababu ya tabia hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliletwa na kuachiliwa makusudi katika nchi kama Togo, Benin na Kenya. Kwa dume anayeita, basi, uwepo wa adui ni sehemu ya mazingira pia, na ni sababu nyingine ya kutoita zaidi ya inavyohitajika.

Kuusoma mtego

Haya yote yana uzito kwa yeyote anayetumia mitego ya feromoni, awe msimamizi wa ghala kubwa au mtafiti. Idadi ya wadudu walionaswa huchukuliwa kuwa kipimo cha idadi ya wadudu waliopo. Ni kipimo, lakini kimechanganywa na mambo mengi.

Mtego uliowekwa katika ghala tupu lililobaki na vumbi la nafaka hunasa kwa urahisi, kwa kuwa wadudu wana njaa, wanatembea, na hakuna madume wengi walioshiba wa kushindana na kivutio cha kiwandani. Ghala lilelile likijazwa nafaka, mtego huohuo unaweza kunasa wachache ilhali wadudu ni wengi mara dufu: harufu ya chakula iko kila upande, madume halisi wanaita kutoka ndani ya punje, na nafaka yenyewe inanyonya sehemu ya harufu ya mtego. Kwa dumuzi kuna utata wa ziada, kwa sababu huishi pia ndani ya mbao na misitu mbali na ghala lolote. Mitego ya nje inaweza kujaa kwa sababu ya msimu wa kuruka tu, bila hindi moja kuwa limebunguliwa karibu.

Kwa hiyo namba ya mtego bila rekodi ya joto haina maana kubwa. Wiki mbili zenye tofauti ya nyuzi 8 hazilinganishiki hata kama mtego haukuguswa. Umri wa kivutio uandikwe, maana kinachopungua kinaweza kuwa harufu yake. Mahali mtego ulipo kuhusiana na mlango au feni paandikwe pia. Na badala ya kutazama namba moja, ni afadhali kutazama mwelekeo wa namba za mtego mmoja mahali pamoja, kisha kuchukua sampuli za nafaka yenyewe na kuzichekecha.

Hifadhi isiyopitisha hewa huleta hali ya aina yake. Oksijeni ikishuka vya kutosha ndani ya mfuko au tangi lililozibwa, wadudu huacha kula muda mrefu kabla ya kufa, na kwa spishi ambazo wito hutegemea kula, hapo hata kuita kwao kunakosa mtaji. Mtego wa feromoni ukiwekwa nje ya chombo kama hicho hauwezi kusema lolote kuhusu kilichomo ndani. Anayetaka kujua hali ya nafaka hiyo itambidi apime oksijeni, au asubiri siku ya kufungua.